Wanaotufunga Ndio Tunaowasajili

Jumatatu, 6 Oktoba

Mazoezi ya msimu mpya yameanza na mgeni wetu amefika. Nimempokea mimi mlangoni mwa ukumbi, kwa kuwa Kocha Mkuu hupenda kuonekana ana shughuli nyingi siku ambazo Mwenyekiti wa klabu yupo. Mgeni ni yule kijana mrefu mwenye mikono mirefu zaidi, aliyetufunga pointi arobaini na moja msimu uliopita mbele ya macho ya Mwenyekiti. Siku ile watazamaji walimwita Mshale na jina likaganda. Mkataba wake wa huko alikokuwa ulipokwisha akabaki mchezaji huru, na Mwenyekiti akamwahi kabla hajapata hata muda wa kujiuliza anataka kwenda wapi. Amesaini msimu mmoja. Picha yake kubwa imeshabandikwa mlangoni.

Naandika hapa jambo ambalo kwenye vikao halisemeki: sisi huwasajili wanaotufunga. Kabla ya Mshale alikuwepo Kinanda. Kabla ya Kinanda alikuwepo yule mwenye nywele nyekundu, na kabla yake ndugu wawili waliotufunga siku moja, tukawachukua wote wawili. Hakuna hata mmoja aliyeondoka kwetu na heshima aliyokuja nayo. Mwenyekiti ana kiwanda cha magodoro, mechi za ugenini haendi, na za nyumbani anakumbuka kitu kimoja tu: nani alimuumiza. Akishaumizwa na mtu, anamtaka. Wapo watu wanaooa hivyo pia.

Mimi ni kocha msaidizi. Kazi yangu ni kutazama video za timu pinzani na kuandika namna ya kuzikaba. Wachezaji huniita Dada Kocha. Zile pointi arobaini na moja nimezitazama hadi nimezikariri. Nyingi zilitoka kona ya kushoto, Mshale akiwa peke yake, kwa sababu nahodha wetu, Jiwe, hatoki chini ya kikapu kumfuata mtu nje. Magoti hayamruhusu na hakuna anayethubutu kumwambia. Kwenye ile kona hata marehemu bibi yangu angefunga. Kwa hiyo Mshale aling'ara kwa sababu alicheza na sisi, na sasa tumemweka kwenye timu pekee ambayo hatacheza dhidi yake tena.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Paa la ukumbi linavuja palepale, na ndoo imewekwa palepale.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mechi ya kwanza. Tumefungwa. Mshale kapata pointi tisa. Wale walimkaba kama watu wanaolipwa kukaba. Kila alipopokea mpira alitazama kulia na kushoto, akatafuta ile nafasi ya mwaka jana, asiione. Nilimwonea huruma kidogo, halafu nikakumbuka jinsi alivyotuaibisha, huruma ikapungua.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tumefungwa. Mshale saba.

Jumamosi, 1 Novemba

Tumefungwa. Mvua siku nzima. Kwenye duka la mkate muuzaji ameniuliza kama ni kweli timu ya magodoro inacheza ikiwa imelala. Nimenunua mkate nikaondoka.

Jumatatu, 10 Novemba

Kikao kwa Mwenyekiti. Ofisi yake iko juu ya kiwanda na kila kitu kinanuka gundi. Kocha Mkuu kasema Mshale atazoea, mgeni siku mbili. Mimi nikasema siku ya tatu mpe jembe, na huyu wetu tumempa jembe lisilo na mpini.

Mwenyekiti akanitazama. "Binti, mimi yule nimemwona kwa macho yangu mwenyewe."

"Ulimwona akicheza na sisi, Mwenyekiti."

"Ndiyo. Sasa?"

"Sasa sisi hatukumkaba."

Kocha akanigusa mguu chini ya meza kwa kiatu, na si kwa upole. Mwenyekiti akafikiri. Kwa muda mfupi nilidhani limeingia. Kisha akasema, "Ndiyo maana namtaka. Mtu asiyekabika," na kikao kikahamia kwenye rangi ya jezi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili, 23 Novemba

Nimekula kwa Mama. Hazungumzi habari nyingine ila Kitinda. Huyu ni mdogo wangu, kitindamimba wetu, aliyezaliwa wakati Mama ameshagawa nguo za watoto. Nimemzidi miaka kumi na mmoja. Baba alipofariki mimi ndiye niliyekuwa nampeleka shule, nampigia pasi shati, na jioni namfundisha kutupa mpira uani kwenye ringi lililofungwa ukutani. Sasa anachezea timu ya mji mwingine, msimu wake wa tatu, na kila wiki anafunga zaidi ya ishirini. Mkataba wake unakwisha msimu huu. Atakuwa mchezaji huru.

"Si arudi tu mcheze pamoja," Mama akasema akinipakulia. "Wewe upo, nyumbani papo, atalala kitandani kwake."

Nikamwambia timu yetu si mahali pa kijana.

"Mbona wewe upo?"

Nikaomba chumvi. Jibu la humu ni kwamba naogopa. Nimeona wanne wakiingia kwetu wakitembea vifua mbele na wakitoka kwa mlango wa nyuma, Mshale naye yuko njiani, na sitaki wa sita awe yule niliyemfunga kamba za viatu. Nilichoomba njiani wakati narudi ni kwamba tukikutana na timu yake Desemba, Mwenyekiti awe anaumwa.

Jumamosi, 13 Desemba

Mwenyekiti hakuumwa.

Kitinda kafunga thelathini na sita. Jiwe kabaki chini ya kikapu kama mlinzi wa benki, na Kocha Mkuu kamwachia Mshale kazi ya kufunga ili apate kujibu. Mshale hakujibu. Mimi nimekaa kwenye benchi nikiwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja, na kila mdogo wangu alipofunga ilinibidi nikunje uso ili watu wasiseme. Robo ya mwisho nikageuka kumtazama Mwenyekiti. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, mdomo wazi. Uso ule naujua. Ndio uso aliomtazamia Mshale.

Tulipopeana mikono Kitinda akaninong'oneza, "Dada, mbona hamtoki kukaba?"

Nikamwambia nyamaza.

Jumatano, 7 Januari

Mama kanipigia simu asubuhi, sauti changa kabisa. Gari la kiwanda limeshusha godoro mlangoni kwake, inchi nane, na kadi ya salamu za Mwenyekiti.

"Rudisha, Mama."

"Nirudishe vipi na nimeshalilalia? Mwanangu, mgongo umenyooka."

Kila mama wa mchezaji tuliyemsajili ana godoro la kwetu. Ningejua mapema ningemnunulia mwenyewe.

Jumamosi, 17 Januari

Tumefungwa. Mashabiki wamemzomea Mshale tangu alipovua koti. Kocha kamtoa robo ya pili hakumrudisha. Picha yake mlangoni imeanza kubanduka pembe moja.

Alhamisi, 22 Januari

Leo nimejifunza kitu na sijafurahi namna nilivyojifunza.

Mshale amewekwa na kikosi cha akiba. Nilikuwa pembeni napanga mipira na sikuwa natazama kwa makini, mpaka nikaona mfungaji wetu bora wa mazoezini amekasirika. Alikuwa amekabwa na Mshale na hakuwa amepata hata mtupo mmoja wa maana. Akienda kulia, Mshale yupo. Akigeuka, ile mikono mirefu imeshafika. Hakumsukuma wala hakumvuta. Alikuwa akimtangulia tu, bila haraka.

Baada ya mazoezi nikamfuata alipokuwa anafungua kamba za viatu.

"Nani kakufundisha kukaba hivyo?"

"Ndiyo kazi yangu, Dada Kocha."

"Kazi yako ni kufunga."

Akacheka kidogo, bila raha. "Kule nilikotoka nilikuwa nakaba. Msimu wote ule nilikuwa napata pointi sita, nane. Siku ile tu mliniacha wazi. Ningefanyaje, nirudishe mpira?"

"Mbona hukusema ulipokuja?"

"Nimwambie nani? Nimefika, nimekuta picha yangu mlangoni natupa mpira. Hakuna aliyeniuliza mimi nacheza nini."

Nimerudi nyumbani nikatafuta video zake nyingine, zile za timu nyingine. Kijana anasema kweli. Mimi ambaye kazi yangu ni kutazama nilikuwa nimetazama mechi moja tu, ileile aliyoitazama Mwenyekiti.

Ijumaa, 23 Januari

Nimemwambia Kocha Mkuu. Kasema tutaona. Kwa Kocha "tutaona" maana yake hapana yenye adabu.

Jumamosi, 31 Januari

Tumefungwa. Tumebaki wa pili kutoka chini. Timu mbili za chini zinashuka daraja, na Mwenyekiti ameshasema hadharani kwamba kiwanda hakitadhamini timu ya daraja la pili. Watu kumi na tisa tungekosa kazi, pamoja na mama anayefua jezi.

Jumamosi, 7 Februari

Kocha ameishiwa mbinu, na mtu akiishiwa hata ushauri wa msaidizi wake huwa mtamu. Leo kamwanzisha Mshale na kumwambia asifikirie kikapu kabisa, amkabe mfungaji wao tu. Tumeshinda. Mara ya kwanza tangu Desemba. Mshale pointi nne. Jiwe kamkumbatia hadi kumwinua juu.

Mwenyekiti kaja chumba cha kubadilishia nguo, kapongeza kila mtu, kisha akanivuta pembeni. "Pointi nne? Huyu ndiye niliyemleta?"

Jumamosi, 14 Februari

Tumeshinda tena. Mshale sita.

Jumamosi, 28 Februari

Tumefungwa kwa pointi moja. Mvua imerudi. Ndoo zimekuwa mbili.

Jumapili, 22 Machi

Siku nyingi sijaandika. Tumeshinda mbili na kufungwa mbili. Nimegundua Mshale ni mtu wa utani ukimzoea: amempa Jiwe jina la Lango Kuu na Jiwe kaliridhia. Zamani nilimwona mtu wa kujivuna kwa sababu hazungumzi. Kumbe alikuwa anasubiri mtu amsemeshe.

Hesabu ya ligi imekuwa rahisi hata kwa Kocha. Mechi ya mwisho ni ugenini kwa timu ya Kitinda. Tukishinda tunabaki. Tukifungwa tunashuka.

Jana Kitinda kanipigia. Kuna timu kubwa ya ng'ambo inamtuma mtu wake kuja kumtazama, na mechi aliyochagua ni hiyohiyo. "Dada, nikicheza na nyie napata nafasi kuliko nikicheza na timu yoyote," akasema. Alisema kwa nia njema. Ameshasahau mimi ndiye ninayepanga ukabaji.

Kwa upande mwingine Mama ananiambia mambo yameiva, Kitinda anarudi nyumbani. Na leo nimepita stoo ya vifaa nikakuta jezi yetu mpya imeshachapwa namba yake. Mwenyekiti anakwenda ugenini mwezi ujao kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Anakwenda kuitazama mali yake.

Jumatatu, 6 Aprili

Kocha kaniambia, "Andika mpango wa kumkaba mdogo wako." Kisha akaona uso wangu akaongeza, "Au nimwambie mtu mwingine?"

Nimesema nitaandika mimi.

Jumanne, 7 Aprili

Sijaandika.

Jumatano, 8 Aprili

Nakijua kitu kimoja juu ya Kitinda ambacho hakiko kwenye video yoyote, maana huonekana tu ukijua pa kutazama. Uani kwetu, upande wa kushoto wa ringi, palikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Akienda kushoto ilimbidi ainame, adunde mpira mara mbili chini ya shuka za Mama, kisha ndipo ainuke kutupa. Mpaka leo akienda kushoto anadunda mara mbili, hata ukumbini pasipo na shuka. Akikatizwa kwenye mdundo wa pili anapoteana. Na upande wa kulia hana tatizo, kwa hiyo mtu akimfungia kulia tangu mwanzo atakuwa wa kushoto tu. Mshale mwenye ile mikono anaweza.

Nikiliandika hilo, hafungi. Akiwa hafungi, Mwenyekiti atamfuta moyoni siku hiyohiyo, kwa kuwa hajui kusoma kitu kingine uwanjani ila pointi. Mdogo wangu ataokoka na sisi. Timu itabaki ligi kuu na watu kumi na tisa watabaki na kazi.

Lakini yule mtu wa ng'ambo naye atakuwa amekaa palepale.

Nimejiambia timu kubwa haiwezi kumhukumu mtu kwa mechi moja. Nimejiambia pia kwamba Kitinda hawezi kumkatalia Mama, kwamba akifunga arobaini atavaa jezi ile ya stoo hata akiitwa na timu kumi za ng'ambo, na mwakani nitamwona mlangoni kwenye picha inayobanduka. Nimejiambia mengi. Kisha nimeandika, ukurasa mzima, na sikuacha kitu.

Jumapili, 12 Aprili

Tumekula kwa Mama, Kitinda naye alikuwepo. Nilisubiri Mama aende jikoni.

"Nimepewa kazi ya kukuandika," nikamwambia. "Nimeandika yote ninayoyajua."

Akatabasamu na mdomo umejaa. "Hata kamba ya nguo?"

"Hata kamba ya nguo."

Akatafuna polepole. "Basi wape, dada. Mimi nitacheza."

Mama karudi na bakuli akauliza tunacheka nini, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Jumamosi, 25 Aprili

Tumebaki ligi kuu. Niandike lilivyokuwa kabla halijaanza kujipamba kichwani.

Ukumbi wao ulijaa. Mwenyekiti alikaa safu ya mbele na tai yenye rangi zetu. Mtu wa ng'ambo nilimtambua kwa kuwa ndiye pekee aliyekuja peke yake na hakushangilia chochote. Alikuwa mzee mwenye miwani, ameshika kalamu. Mshale alisoma ukurasa wangu kwenye basi mara kadhaa, akanirudishia. "Huyu mtu unamjua sana," akasema. Hakujua ni ndugu yangu. Nilipomwambia akaniuliza kama bado nataka afanye hivyo. Nikasema ndiyo.

Robo ya kwanza Kitinda alikwenda kulia akakuta pamefungwa. Akaenda kushoto, akadunda mara ya kwanza, akadunda mara ya pili, na mkono wa Mshale ukaja ukauchukua mpira kama mtu anayechuma kitu chake. Akajaribu tena. Palepale, mdundo wa pili. Mara ya tatu alinitazama mimi kwenye benchi. Hakukasirika. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikimtoa mwiba, anasubiri kuona kama nitaacha.

Sikuacha. Kocha Mkuu aliniuliza tuendelee hivyo robo ya pili na nikasema tuendelee. Robo ya tatu mdogo wangu aliacha kutupa, akawa anagawa pasi. Mwenzake mmoja, mnene mnene mwenye kitambaa kichwani, akawa anapokea kona ya kushoto, peke yake, kwa kuwa Jiwe ni Jiwe, na akafunga mfululizo mpaka nikadhani tumekwisha. Tulishinda kwa pointi tatu. Jiwe alilia. Mama anayefua jezi, tuliyemchukua kwenye basi kwa bahati njema, alicheza katikati ya uwanja. Na mimi nilifurahi. Sitaandika kwamba sikufurahi.

Kitinda: pointi nne.

Nilipotazama jukwaani, kile kiti cha mzee wa miwani kilikuwa kitupu. Sijui aliondoka lini.

Kwenye korido Mwenyekiti akanishika bega. "Pole kwa ndugu yako, binti. Nimemwondoa kwenye mipango. Nilidhani ni mfungaji." Kisha akashusha sauti. "Yule mwenye kitambaa kichwani, mkataba wake unakwisha lini?"

Jumapili, 26 Aprili

Mama hapokei simu.

Jumamosi, 2 Mei

Mama hapokei simu.

Alhamisi, 7 Mei

Mshale amekuja kuaga. Hakuongezewa mkataba. Mwenyekiti alipigiwa hesabu ya pointi zake za msimu akaona zinamdhalilisha. Nilipanda hadi ofisini na kumwambia kwamba huyu ndiye aliyetubakisha, ndiye mtu wa kwanza tuliyemsajili akatufaa. Akanisikiliza vizuri, akaniagizia soda, na akasema mwenye kitambaa atafika wiki ijayo.

Mshale hana kinyongo. Anakwenda timu ya Kitinda. Kocha wao alimpigia simu usiku uleule wa mechi akamwuliza swali moja: wewe hasa unacheza nini? "Nikamjibu, nikamsikia anaandika," Mshale akasema. Nimemnunulia chakula cha mchana. Alipoondoka nilibandua ile picha mlangoni mwenyewe ili asiibandue mtu mwingine.

Jumatatu, 11 Mei

Nimesikia kwa watu kwamba timu ya ng'ambo imemsaini kijana mwingine. Timu ya Kitinda nayo haijamwongezea mkataba. Wanasema wanasubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jumapili, 17 Mei

Kitinda amekuja nyumbani kwangu bila kupiga simu. Nimechemsha chai. Amekaa kwenye kiti cha dirishani na magoti yake yakafika karibu na meza, kama siku zote.

"Dada, nikuulize kitu. Usinijibu kikocha."

"Uliza."

"Ule ukurasa uliuandika kwa ajili ya timu yenu, au ulitaka nisisajiliwe kwenu?"

Nilifikiria kumdanganya, na nilikuwa na uongo mzuri. "Nusu kazi," nikasema. "Nusu wewe. Nimeona tunavyowafanya watu pale. Sikutaka uje."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mwenyekiti wenu alinipigia Januari. Nilimkatalia siku hiyohiyo. Nikamwambia Mama arudishe godoro."

Nilikaa chini. "Mama hakuniambia."

"Mama alidhani nitabadilika. Na mgongo umenyooka." Tukataka kucheka, ikashindikana. "Nilikuwa naitaka ng'ambo, dada. Hiyo tu. Kwenu nisingekuja hata mngenipa kiwanda."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza."

Nilitafuta siku ambayo nilimwuliza. Nimeirudisha miezi yote kichwani, simu zote, milo yote kwa Mama, hata ile Jumapili nilipomwambia nimeandika. Nilimwambia nitakachofanya. Nilimwambia kwa uungwana, nikajiona muungwana. Lakini swali halikuwemo. Nilidhani najua anachokitaka, kama Mwenyekiti anavyodhani, tena mimi kwa kiburi zaidi, kwa kuwa mimi nampenda.

"Nilidhani najua," nikasema.

Alikunywa chai yake mpaka mwisho. Mdogo wangu hana hasira za kelele, na afadhali angekuwa nazo.

"Ile nusu ya kazi nilikusamehe palepale uwanjani, kabla sijavua viatu," akasema. "Ningekuwa wewe ningeandika vilevile, kamba ya nguo na kila kitu. Ile nusu yangu ndiyo inayoniuma."

Nimemwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema zaidi, na sikumlazimisha.

Jumatano, 20 Mei

Kitinda kanipigia asubuhi kusema atakuwa uwanja wa wazi nyuma ya shule, nikitaka nije. Nilikwenda na begi lililojaa: mpango wa mazoezi ya wiki sita, majina ya timu tatu zinazotafuta mtu, namba ya kocha mmoja ninayemfahamu. Nilimkuta amekaa juu ya mpira wake kwenye mstari wa mtupo huru. Anga lilikuwa jeupe, bila mvua. Nikakaa chini karibu naye na sikufungua begi.

"Unataka nini, mdogo wangu?"

Alichora sakafuni kwa kidole. Kisha akasema bado hajui. Nilikuwa na majibu matatu tayari, na kwa shida kubwa nikanyamaza.